Kinga Kumi za Radi Kisii na Nyamira, Kuanzia Kichekesho Hadi Bingwa

Kila pembe ya Kenya ina msimu wake wa kuogopa moto. Kule Aberdare na Mlima Kenya, kiangazi kikikaza, watu hutazama msitu na kunusa hewa. Sisi wa Kisii na Nyamira nyasi zetu hazipati hata nafasi ya kukauka. Moto wetu hauanzi porini. Unashuka kutoka juu, tena huku mvua inanyesha, na unafika kabla hujamaliza kusema “hii leo itanyesha”.

Usilaumu bahati, laumu jiografia. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Kisii uko kwenye takriban mita 1,700. Mchana upepo wenye unyevu hutoka ziwani, huparamia milima yetu, hukutana na upepo wa mashariki, na hapo mawingu huanza kupandiana mabega. Kufikia saa tisa au kumi alasiri, ukingo wa Manga umefunikwa na mawingu, na mbwa ameshaingia chini ya ghala. Machi hadi Mei ndio msimu mkuu. Septemba hadi Novemba ni marudio kwa walioukosa.

Na majirani tulio nao kwenye ligi hii si wa kuchezewa. Utafiti wa setilaiti uliochapishwa mwaka 2016 uliipa nafasi ya kwanza duniani Maracaibo, ziwa la Venezuela, lenye radi 233 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Nafasi ya pili ikaenda Kabare, hapo Kivu Kusini, Kongo, ikiwa na 205. Yaani ubingwa wa Afrika uko kwenye maziwa yetu makuu.

Basi mvua za vuli na masika zisitukute tumekaa tu. Nimepanga kinga kumi ambazo watu huzitegemea bomani, kuanzia ya ovyo hadi ya maana. Alama ni kumi, hakimu ni mimi. Rufaa zinapokelewa lakini hazisomwi.

10. Kuvua nguo nyekundu na kufunika kioo

Tuanzie mkiani. Wingu likinguruma, kuna nyumba ambamo kioo cha ukutani hufunikwa leso, na mtoto mwenye sweta nyekundu huambiwa aivue haraka. Radi haina macho ya rangi. Inachotafuta ni njia rahisi ya kufika ardhini, na humpenda aliye mrefu, aliye peke yake, au aliyesimama karibu na kirefu.

Ukibisha, vuka mpaka uende Kilgoris. Majirani zetu Wamaasai wamesimama wima uwandani na shuka nyekundu vizazi na vizazi. Kama rangi ingekuwa shida, tusingekuwa na wa kutuuzia ng'ombe.

Hukumu: 0/10. Faida pekee ni kwamba sweta imepata nafasi ya kufuliwa.

9. Tairi juu ya paa, gambuti mguuni

Imani ya tairi kuukuu paani ina mashabiki wengi Afrika Kusini, na hapa kwetu pia hukosi binamu mmoja wa kuiapia. Hoja yake ni kwamba mpira haupitishi umeme. Kweli. Lakini hata hewa haipitishi umeme kirahisi, na radi imeshapasua kilomita kadhaa za hewa hiyo kabla ya kufika kwako, ikiwa na joto la karibu nyuzi 30,000, takriban mara tano ya uso wa jua. Kuiwekea mpira wa unene wa vidole viwili ni kumwomba kitambulisho mtu aliyekwisha kuvunja mlango.

Gambuti nazo ni hivyo hivyo. Zitakukinga na matope ya Nyansiongo, na hiyo ni kazi ya heshima.

Hukumu: 1/10. Alama hiyo moja ni kwa sababu tairi huzuia mabati yasiende kwa jirani upepo ukivuma.

8. Mkaratusi (blugamu) mkubwa kando ya nyumba

Hapa najua nitapoteza marafiki. Mzee wa boma atakwambia blugamu lake ndilo linalopokea radi kwa niaba ya familia nzima. Ni kweli linapokea. Tatizo ni kwamba halibaki na mzigo huo. Umeme ukipita kwenye shina, maji ya mti huchemka ghafla, na gome hupasuka na kuruka vipande vipande. Umeme mwingine huruka kutoka kwenye shina hadi kwa kitu kilicho karibu: nguzo, paa, au wewe uliyejikinga mvua. Uliobaki husambaa udongoni.

Huo wa udongoni ndio mwizi mkuu. Madaktari waliobobea katika majeraha ya radi hukadiria kuwa wanaopigwa moja kwa moja ni asilimia 3 hadi 5 tu ya majeruhi. Karibu nusu hupatwa na umeme unaotambaa ardhini. Ng'ombe huumia zaidi kwa sababu miguu yake ya mbele na ya nyuma imeachana sana, kwa hiyo umeme hupanda huku na kushukia kule, ukipitia moyoni. Ndiyo maana unasikia ng'ombe watatu wamekufa chini ya mti mmoja, na mti wenyewe bado umesimama.

Maandalizi: usifunge mnyama chini yake, usijenge jiko karibu yake, na lile linaloning'inia juu ya nyumba litafutie bei ya nguzo.

Hukumu: 2/10, zote za kuni.

Aliyefukuzwa mashindanoni: kumtafuta “aliyeituma”

Hii haina namba, na kwa aya moja utani unakaa kando. Radi ikiua, hakosekani mtu wa kuuliza ni nani aliyeituma. Hakuna aliyeituma, imetumwa na ziwa, mlima na saa tisa alasiri. Sisi tunajua uvumi wa uchawi unavyoishia: Oktoba 2021, kule Marani, wanawake wanne wazee waliuawa na umati kwa tuhuma za aina hiyo. Kinga inayoua bibi wa mtu si kinga. Tuendelee.

7. Kibanda cha kujikinga mvua

Banda la kituo cha kununulia majani chai lina mabati juu, nguzo za mbao, pande wazi, na stori za bonasi. Kwa mvua, ni ikulu. Kwa radi, ni mti wenye paa.

Kibanda kisicho na kuta, nyaya wala mabomba hakiupi umeme njia ya kupita kando yako, kwa hiyo njia inabaki kuwa wewe. Na kwa kuwa mvua imewakusanya wachuma chai ishirini mahali pamoja, wameegemea nguzo na kushikana mabega, pigo moja lina hadhira. Anayesimama katikati ya shamba wazi akiwa na kikapu mgongoni naye asicheke. Chai hukatwa ibaki kimo cha kiuno, kwa hiyo kitu kirefu kuliko vyote shambani ni yeye mwenyewe.

Hukumu: 3/10. Umekauka, hongera.

6. Kubadilisha kamba ya nguo na kupangua seng'enge

Sasa tunaingia kwenye kazi ambazo mtu anaweza kufanya Jumamosi na kupata sifa. Kamba ya nguo ya waya iliyofungwa kutoka kwenye mti hadi kwenye dirisha la jikoni ni barabara ya lami: radi ikipiga mti, umeme unafika jikoni bila kupitia kizuizi. Weka kamba ya nailoni, na usiifunge kwenye nyumba.

Seng'enge ina dhambi kubwa zaidi. Waya mmoja mrefu ulioshikiliwa na nguzo za mbao hubeba umeme mbali na mahali ulipopigwa. Ng'ombe wakiwa wamejipanga kando ya ua, msiba unajipanga nao. Ukate waya vipande kila baada ya hatua kadhaa, au upige nguzo za chuma zinazoingia ardhini. Au rudi kwa ua wa miti hai kama ule wa babu, ambao haukuwahi kupeleka umeme popote wala kuomba rangi.

Hukumu: 5/10. Ingepata sita, lakini nguo zitaendelea kuibwa.

5. Kuchomoa kila kitu

Radi ikipiga laini ya stima huko mbali, umeme hukimbia kwenye nyaya hadi kwenye soketi yako na kukuta runinga imekaa hapo kwa imani. Chomoa plagi. Kuzima swichi tu hakutoshi, kwa maana pengo dogo la ndani ya swichi ni mtaro ambao radi huruka bila kukimbia kwanza. Chomoa pia waya wa antena, na wenye sola wasijione wamehamia sayari nyingine: paneli iko paani, nyaya zinaingia sebuleni.

Sharti moja: chomoa mapema, wingu likiwa bado upande wa Homa Bay. Anayechomoa huku radi inapasuka juu ya paa amejitolea kuwa sehemu ya saketi.

Na simu? Simu ya mkononi haivuti radi. Simu iliyo kwenye chaja ukutani ndiyo yenye kesi, kwa sababu ya waya. Wanaozima simu lakini wanaegemea nguzo ya chuma wamefunga dirisha na kuacha geti.

Hukumu: 6/10. Inaokoa runinga kuliko inavyookoa mwenyewe, lakini kwa kuwa runinga bado inalipiwa mkopo, tumeihurumia.

4. Matatu

Ndiyo, umesoma vizuri. Gari lenye bodi ya chuma kila upande, madirisha yamefungwa, ni mojawapo ya mahali salama zaidi radi ikivuma. Siri si magurudumu ya mpira. Tumeshaongea habari za mpira kwenye namba 9. Siri ni chuma. Umeme hupita kwenye bodi ya nje na kuruka hadi ardhini, ukiwaacha waliomo ndani. Michael Faraday alilionyesha jambo hili mwaka 1836 kwa kujifungia ndani ya kizimba cha chuma huku nje kukipigwa umeme mkali. Hakuwa na makanga wa kumwambia asogee.

Usiguse chuma cha ndani, na usitoe mkono dirishani. Boda boda haihesabiki, tuktuk ya turubai haihesabiki, na lori ukiwa umekaa juu ya ndizi halihesabiki hata kidogo.

Hukumu: 7/10. Tuweke kumbukumbu: hii ndiyo mara ya kwanza matatu ya Keroka kupata alama nzuri za usalama.

3. Jirani anayejua kubonyeza kifua

Huyu hazuii radi, na wengi mtasema hastahili shaba. Subirini. Watu wengi wanaopatwa na radi hawafi papo hapo. Wanaokufa, mara nyingi moyo umesimama na pumzi imekatika, na dakika chache zinazofuata ndizo kila kitu. Kinachowamaliza baadhi yao ni sisi tuliobaki tumesimama kwa mbali, tukiogopa kuwagusa.

Aliyepigwa na radi hana umeme mwilini. Mguse. Kama hapumui, mlaze chali mahali pagumu, weka viganja katikati ya kifua, bonyeza kwa nguvu na kwa kasi, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwingine akitafuta gari. Kama mawingu bado yananguruma, msogezeni kwanza mahali salama. Kama wameanguka kadhaa, anza na yule aliyenyamaza kabisa. Kwenye maafa mengine anayeonyesha dalili za uhai huhudumiwa kwanza, lakini kwa radi anayelia anapumua, na hilo linampa nafasi ya kusubiri.

Msalaba Mwekundu wa Kenya hufundisha mambo haya. Chama chenu kinachopanga kununua masufuria mengine ya mazishi kinaweza kwanza kulipia mafunzo ya kupunguza mazishi.

Hukumu: 8/10. Jirani mmoja wa aina hii anawazidi kumi wa kuleta pole.

2. Kinga ya radi yenye miguu ardhini

Ncha ya chuma juu ya paa, waya mnene wa shaba ukutani, fimbo ndefu ndani ya udongo. Wazo la Benjamin Franklin lina zaidi ya miaka 270 na bado halijapata mpinzani. Haifukuzi radi. Inaipa njia yake, ili isitumie ukuta wako, nyaya zako na watoto wako.

Ukitaka kujua thamani yake, uliza Uganda. Tarehe 28 Juni 2011, radi moja iliwaua wanafunzi 18 katika Shule ya Msingi ya Runyanya, Kiryandongo. Baadaye shule hiyo ikawa miongoni mwa za kwanza kufungiwa kinga na ACLENet, mtandao wa Kiafrika wa elimu ya radi wenye makao yake Kampala. Ukiwa mzazi Kisii au Nyamira, swali la kwanza kwenye mkutano wa shule lisiwe basi jipya litapakwa rangi gani. Liwe: waya wa kinga uko wapi, na unaishia wapi?

Hapo kwenye “unaishia wapi” ndipo kinga nyingi hufeli. Ncha na waya bila mguu wa udongoni ni sifuri. Ncha iliyo paani na haijafika ardhini imekusanya wageni bila kuwaonyesha mlango wa kutokea. Mara nyingine waya ulikuwepo, lakini shaba ina soko, na usiku una watu wake. Basi ukague kabla ya kila msimu. Usidhani pia kwamba paa la mabati peke yake ni kinga, kama kuta ni za udongo na mfereji wa maji unaishia kwenye tangi la plastiki. Umeme utashuka kwa njia yoyote itakayopatikana, na wewe uko sebuleni.

Hukumu: 9/10. Na ushauri wa bure: fundi atakayemaliza kazi bila kugusa jembe, usimlipe.

1. Masikio yako, yakifuatwa na miguu yako

Zomea uwezavyo. Bingwa ni sauti ya kwanza ya ngurumo, na mtu anayeiheshimu.

Hesabu yake hata wa darasa la tatu anaiweza. Ukiona mmweko, hesabu sekunde hadi ngurumo. Gawanya kwa tatu, upate kilomita. Sekunde 30 ni kilomita kumi, na kilomita kumi ni karibu vya kutosha pigo linalofuata liwe lako, hata kama juu yako bado kuna jua. Kwa ufupi zaidi: ukiisikia, umeshafikiwa. Ingia ndani, na usitoke hadi zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Ya mwisho, si ile uliyochoka kuisubiri.

Najua swali lako, na ni zuri: ndani wapi, kama nyumba yenyewe ni ya udongo na mabati? Ndiyo sababu masikio yako juu ya kila kitu. Ukisikia mapema, una muda wa kufika kwenye jengo la mawe lenye stima na mabomba, au kwenye gari la namba 4, au angalau kumhamisha ng'ombe na kuchomoa waya. Ukichelewa, hakuna kati ya zile tisa utakayoiwahi. Kama pa kwenda ni nyumba hiyo hiyo, kaa katikati ya chumba, mbali na ukuta, nguzo, mlango na dirisha, miguu pamoja juu ya kiti cha mbao au kitanda. Hiyo inapunguza hatari, haiifuti.

Na kwa kuwa mvua zetu zinajua saa, panga siku kwa saa hizo. Chai ichumwe asubuhi. Mechi ya kijiji ianze mapema. Refa akisikia ngurumo apige filimbi, hata kama ni penalti ya dakika ya mwisho na mashabiki wa timu ya Tore Bobe wametunisha mishipa ya shingo.

Hukumu: 10/10. Ni bure, na ndiyo maana hakuna anayeiheshimu.

Walioachwa benchi

Mwavuli: unakufanya mrefu zaidi. Hapana.

Kulala kifudifudi shambani: unaugusa udongo kwa mwili mzima, na umeme umo humo humo. Hapana.

Choo cha nje: soma namba 7, kisha ongeza harufu.

“Radi haipigi mahali pamoja mara mbili”: jengo la Empire State pale New York hupigwa zaidi ya mara 20 kwa mwaka, na Roy Sullivan, askari wa hifadhi huko Virginia, alipigwa mara saba kati ya 1942 na 1977. Radi ina kumbukumbu nzuri kuliko mwenye kukudai.

Sasa bisha

Kesi kali zaidi dhidi yangu naijua: fundi wa stima atasema waya ulipaswa kuwa wa kwanza, kwa sababu unafanya kazi hata saa nane usiku ukiwa umelala na masikio yako yamezibwa na blanketi. Ana hoja. Kwa nyumba na shule, namkubalia. Lakini waya hauwezi kumfuata mama shambani, mtoto njiani kutoka shule, wala boda boda kwenye mteremko wa Kiamokama, na hao ndio mawingu huwakuta saa tisa alasiri.

Mwenye kinga yake isiyo kwenye orodha ailete tuipe alama. Mwenye kutetea blugamu aje na ng'ombe wake wote, tuwahesabu kabla na baada ya msimu.